Mshipi Upi kwa Kurambaza Ziwani? Mwongozo kwa Wakazi wa Kibera na Kawangware

Kila mwaka mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, vituo vya mabasi hujaa wakazi wa Kibera na Kawangware wanaokwenda nyumbani kwa likizo. Wengi hushukia Kisumu, Homa Bay, Mbita, Bondo, Usenge au Port Victoria, miji iliyo kando au karibu na Ziwa Victoria. Katika mizigo yao, pamoja na sukari, unga na nguo za watoto, baadhi hubeba mishipi ya kuvulia waliyoinunua Nairobi. Wengine wataitumia wenyewe, na wengine wanampelekea ndugu mwenye boti.

Mshipi unaweza kuonekana kitu kidogo. Hata hivyo, ukiwa si wa kufaa, chambo hakifiki walipo samaki, mafuta ya injini yanaungua bure, na mbuta mmoja tu anaweza kuondoka na vifaa vilivyogharimu vibarua vya siku kadhaa. Mshipi mwembamba unaoshikwa vibaya unaweza pia kukata kidole. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua mshipi wa kurambaza kwa kizamishi, na namna ya kuupima nyumbani kabla ya safari.

Kurambaza si kukokota wavu

Kurambaza ni kuvua kwa kuburuta mshipi wenye chambo nyuma ya boti inayokwenda polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mshipi mmoja hushika samaki mmoja kwa wakati.

Kukokota wavu ni jambo jingine kabisa. Wavu wa kukokotwa na injini huzoa kila kilichomo njiani, wakubwa kwa wachanga, na umepigwa marufuku katika sehemu ya Kenya ya Ziwa Victoria. Vivyo hivyo kokoro, yaani wavu unaovutwa hadi ufukweni. Anayeulizwa ziwani anavua vipi aeleze wazi kwamba anatumia mshipi na ndoano, ili asidhaniwe kuwa na wavu haramu.

Kizamishi hufanyaje kazi?

Mchana jua likiwa kali, mbuta wakubwa mara nyingi hukaa chini. Chambo kinachoburutwa juu juu hakiwafikii. Chubwi zito husaidia kidogo, lakini boti ikisonga maji hulisukuma nyuma na juu.

Kizamishi hutatua tatizo hilo. Ni kisahani cha plastiki chenye uzito ndani yake, nacho hufungwa kati ya mshipi mkuu na chambo. Kikivutwa hukaa kimeinamisha uso wake wa mbele, na maji yanayokigonga hukisukuma chini, kama vile upepo unavyosukuma tiara juu. Samaki akinasa, au mvuvi akivuta kwa nguvu, kibanio kilicho juu ya kisahani huachia. Kisahani hulala sambamba na mshipi, na kukivuta hadi kwenye boti huwa kazi nyepesi.

Kizamishi hakina injini wala betri. Nguvu yake yote hutokana na mwendo wa boti, na mshipi ndio unaoamua kiasi gani cha nguvu hiyo kitatumika kuzama.

Unene ndio unaoamua kina

Wanunuzi wengi huuliza swali moja tu dukani: mshipi huu ni wa nguvu kiasi gani? Kwa kurambaza kwa kizamishi, swali la unene lina uzito uleule.

Mita 40 za mshipi zinapopita majini, maji huushika kwa urefu wake wote. Mshipi mnene hushikwa zaidi, hupinda kama upinde na kukiinua kizamishi. Mwembamba hupasua maji na kukiacha kishuke. Wavuvi wawili walio katika boti moja, wenye vizamishi vya aina moja na waliotoa urefu uleule wa mshipi, wanaweza kuwa na vyambo vilivyopishana kwa mita kadhaa kwa sababu ya unene tu.

Jambo la pili ni kunyumbuka. Mshipi unaonyumbuka sana humeza mvuto wa mkono. Mvuvi huvuta fimbo kwa nguvu ili kibanio kiachie, lakini mvuto huo huishia njiani na kizamishi kinaendelea kung'ang'ania chini. Mshipi usionyumbuka hufikisha mvuto mara moja, lakini pia hufikisha pigo la samaki moja kwa moja kwenye fundo, ndoano na fimbo. Kila aina ya mshipi hutoa faida moja na kudai gharama nyingine.

Aina nne za mishipi

*Nailoni ya uzi mmoja.* Huu ndio mshipi unaopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu. Hunyumbuka sana, kwa hiyo humpunguzia mvuvi pigo la ghafla, na mafundo yake ni rahisi. Kasoro zake ni unene na kudhoofika kwa jua. Nailoni pia hunywa maji na kupoteza sehemu ndogo ya nguvu yake ikilowa. Inawafaa wanaoanza na wanaovua kwenye maji ya kina kifupi.

*Mshipi wa kusuka.* Hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba za plastiki ngumu zilizosukwa pamoja. Mshipi wa kusuka wa pauni 30 una unene wa takriban milimita 0.3, ilhali nailoni ya nguvu hiyohiyo hukaribia milimita 0.55. Ndiyo sababu huzamisha kizamishi chini zaidi. Haunyumbuki karibu hata kidogo, kwa hiyo breki ya rili isikazwe sana, na mbele ya kizamishi kuwe na kipande cha nailoni cha kupokea pigo. Huteleza pia kwenye rili, kwa hiyo mizunguko michache ya kwanza iwe ya nailoni ili ushike.

*Waya.* Nyuzi za chuma cha pua zilizosokotwa huzama vizuri na hazinyumbuki. Lakini waya ukijikunja mara moja hubaki na kovu, na hapo ndipo utakapokatikia. Unahitaji pia ncha maalumu ya fimbo, kwani hukwaruza pete za kawaida. Kwa mvuvi wa likizo, gharama hiyo ni vigumu kurudi.

*Florokaboni.* Hii ni ngumu, haionekani kwa urahisi majini na hustahimili kukwaruzwa. Ni ghali, na haina faida kubwa kama mshipi mkuu. Mahali pake ni kipande cha mwisho karibu na ndoano.

Kusoma lebo

Lebo nyingi huonyesha mambo matatu: nguvu kwa pauni (lb), unene kwa milimita, na urefu kwa mita au yadi. Pauni moja ni takriban kilo 0.45. Hivyo mshipi wa pauni 20 unapaswa kubeba kilo 9, wa pauni 30 kilo 13 na nusu, wa pauni 40 kilo 18, na wa pauni 50 zaidi ya kilo 22.

Lebo isiyotaja unene ni dalili ya kwanza ya kutilia shaka. Bei iliyo chini mno ikilinganishwa na maduka mengine ni dalili ya pili. Mnunuzi aombe risiti, kwani bila hiyo ni vigumu kurudisha bidhaa isiyolingana na maelezo yake.

Kipimo cha mtungi na kipimo cha penseli

Karibu kila nyumba ya Kibera na Kawangware ina mtungi wa lita 20. Mtungi huo ni mizani ya kutosha. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na mtungi mtupu una takriban kilo moja. Maji yaliyokwisha kufulia yanafaa. Hakuna haja ya kupoteza maji ya kunywa.

1. Mshipi uzungushwe mara nane au zaidi kwenye mpini wa mtungi, kisha ncha ifungwe. Upande wa pili uzungushwe vivyo hivyo kwenye kijiti laini. Mizunguko huzuia fundo lisiwe ndilo linalopimwa.
2. Mtungi utiwe maji kulingana na lebo: lita 8 kwa mshipi wa pauni 20, lita 12 kwa pauni 30, lita 17 kwa pauni 40, na lita 20 kamili kwa pauni 50.
3. Kijiti kishikwe kwa mikono miwili na mtungi uinuliwe polepole, kimo cha kiganja tu kutoka ardhini. Anayepima avae viatu, na watoto wakae mbali.
4. Mshipi ukikatika, hauna nguvu iliyoandikwa.
5. Jaribio lirudiwe mshipi ukiwa umelowa na umefungwa kwa fundo litakalotumika ziwani, mara hii mtungi ukiwa na nusu ya maji yale. Fundo likikatika au kuteleza hata hapo, lijifunzwe upya.

Mshipi unaweza kufaulu mtihani wa nguvu kwa sababu tu ni mnene kuliko ilivyoandikwa. Mshipi kama huo hautazama inavyotarajiwa. Hapo penseli na rula ya mwanafunzi zinatosha. Mshipi uzungushwe kwenye penseli mara 20, mizunguko ikigusana bila kupandana, kisha upana wake upimwe. Mizunguko 20 ya mshipi wa milimita 0.3 inachukua milimita 6. Ya milimita 0.55 inachukua milimita 11. Tofauti ndogo ni ya kawaida, hasa kwa mshipi wa kusuka ambao hulalia kidogo. Tofauti kubwa maana yake lebo si ya kweli.

Kila ziwa na mshipi wake

*Ghuba ya Winam.* Sehemu kubwa ya ghuba hii, kuanzia Kisumu kuelekea Homa Bay, ina maji ya kina kifupi na gugu maji linalohama na upepo. Kizamishi kikubwa chenye mshipi mwembamba kitachimba tope au kunasa. Hapa nailoni ya pauni 20 hadi 30 na kizamishi kidogo vinatosha, na unene wake unakuwa msaada.

*Ziwa wazi.* Baada ya Mbita, kuelekea visiwa vya Mfangano na Remba, maji huongezeka kina. Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha takriban mita 40, na cha juu zaidi cha takriban mita 80. Hapa mshipi wa kusuka wa pauni 50 unastahili bei yake. Mbuta anaweza kupita kilo 100, mdomo wake unakwaruza kama msasa, na vifuniko vya matamvua yake vina makali.

*Ziwa Turkana.* Mbuta wako huko pia, na maji ni ya kina kirefu. Lakini upepo ni mkali na mamba ni wengi. Mgeni asiingie majini bila mwenyeji anayelijua ziwa.

*Ziwa Naivasha.* Ziwa hili liko karibu na Nairobi, lakini sehemu kubwa ni ya kina kifupi. Kizamishi hakihitajiki, mshipi mwepesi na chambo cha kawaida vinatosha. Hatari kubwa hapo ni viboko.

*Bwawa la Nairobi.* Bwawa hili, lililojengwa mwaka 1953 kando ya eneo ambalo sasa ni Kibera, wakati mmoja lilikuwa mahali pa kuendesha mashua na kuvua. Leo linapokea majitaka, na mimea imefunika sehemu kubwa. Halifai kujaribia vifaa, na samaki wake hawafai kuliwa.

Mpangilio unaookoa kizamishi

Mshipi wowote unaweza kunasa kwenye jiwe au wavu wa mtu. Ukivutwa hadi ukatike, utakatikia mahali palipo dhaifu zaidi. Mvuvi mwangalifu huamua mapema mahali hapo ni wapi, ili apoteze ndoano na si kizamishi.

Kwa mbuta wa ziwa wazi, mpangilio ufuatao unafaa:

- Mshipi mkuu, kutoka kwenye rili hadi kwenye kizamishi: wa kusuka, pauni 50.
- Kipande cha kati, nyuma ya kizamishi: nailoni ya pauni 40, mita moja na nusu. Hiki hunyumbuka na kupokea pigo, na ndicho kitakachokatika kwanza.
- Kipande cha mwisho, kwenye chambo: nailoni nene au florokaboni ya pauni 80, nusu mita, kwa ajili ya mdomo unaokwaruza.
- Kati ya vipande hivyo viwili, pete inayozunguka ili mshipi usijisokote.

Vipande hivyo viwili kwa pamoja visipite urefu wa fimbo kwa kiasi kikubwa. Kizamishi kikifika kwenye ncha ya fimbo hakiwezi kupita, na samaki aliye mbali nacho hafikiki kwa chandarua cha mkono.

Kwa wanaovua kwa mkono

Si kila mtu ana fimbo na rili. Wengi huzungusha mshipi kwenye kibao au chupa ya plastiki na kuvua kwa mkono. Kwao kanuni inabadilika: mshipi wa kusuka haufai. Wembamba unaousaidia kuzama ndio unaoufanya ukate nyama ya mkono kama wembe kizamishi kinapovuta na samaki anapokimbia.

Anayevua kwa mkono atumie nailoni nene ya pauni 60 au zaidi, avae glavu, na akubali kwamba chambo hakitafika chini sana. Asiuzungushe mshipi kwenye kiganja, kidole wala kifundo cha mguu hata kwa dakika moja. Samaki mkubwa akinasa wakati boti inasonga, mshipi uliozungushwa hauachii, na mtu anaweza kuvutwa majini. Kisu kikali kiwe karibu wakati wote.

Sheria inasemaje?

Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi, Namba 35 ya mwaka 2016. Kabla ya kuingia ziwani, mgeni aulize kuhusu leseni katika ofisi ya uvuvi ya kaunti anayokwenda, na ajitambulishe kwa viongozi wa Kitengo cha Usimamizi wa Ufuo, maarufu kama BMU. Kaunti ya Nairobi haitoi ruhusa ya kuvua katika maziwa ya kaunti nyingine.

Mambo mawili huwachanganya wengi. Kwanza, wavu uliotengenezwa kwa nailoni ya uzi mmoja ni haramu, lakini mshipi wa nailoni hiyohiyo wenye ndoano si wavu. Pili, si kila samaki aliyenaswa anafaa kubebwa. Kwa mbuta, kipimo cha chini kilichokubaliwa na nchi zinazozunguka Ziwa Victoria ni sentimita 50. Aliye chini ya hapo arudishwe majini mapema, mikono ikiwa imeloweshwa.

Utunzaji na usalama

Nyumba ya mabati hupata joto kali mchana, na jua hudhoofisha nailoni. Mshipi uwekwe ndani ya kopo au mfuko mweusi, chini ya kitanda na si juu ya kabati karibu na paa. Kabla ya kila safari, mita chache za mwanzo zipitishwe kati ya vidole. Zikikwaruza, zikipauka au zikibaki zimejikunja, zikatwe.

Mabaki ya mshipi yasitupwe majini wala kwenye mitaro. Nailoni haiozi kwa miaka mingi, na huendelea kunasa ndege, samaki na mapanga ya injini. Ikatwe vipande vifupi na kutupwa pamoja na taka zinazokusanywa.

Kila anayepanda boti avae jaketi okozi tangu ufukweni, asilikalie. Boti isijazwe kupita kiasi, na utabiri wa hali ya hewa wa ziwa usikilizwe kabla ya kung'oa nanga, kwa sababu dhoruba za Ziwa Victoria huja kwa ghafla. Wakati wa dharura, namba za kupiga ni 999 au 112.

Kwa ufupi

- Maji ya kina kifupi: nailoni ya pauni 20 hadi 30.
- Ziwa wazi, kwa fimbo na rili: mshipi wa kusuka wa pauni 50, na nailoni nyuma ya kizamishi.
- Kuvua kwa mkono: nailoni nene ya pauni 60 au zaidi na glavu, mshipi wa kusuka usitumiwe kamwe.
- Kabla ya safari: mtungi kwa nguvu, penseli kwa unene.
- Ziwani: leseni, BMU, jaketi okozi.